Lenzi ya mjomba au ya otofokasi: ipi nishuke nayo ziwani?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Katonga, hapa Kigoma. Nina kamera ya Nikon D7000 niliyonunua mtumba pamoja na kasha lake la kuzamia. Kasha lina vioo viwili vya mbele vya kubadilisha, kimoja bapa na kingine cha kuba. Marehemu mjomba aliniachia lenzi mbili za zamani za kuzungusha kwa mkono, ya milimita 24 na Micro ya milimita 55, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Wenzangu wanasema lenzi za zamani ndizo zenye kioo cha kweli, na kwamba otofokasi, yaani kamera kutafuta ukali yenyewe, majini haina kazi kwa sababu maji yanapinda mwanga, kamera inadanganyika. Nimeijaribu ile ya 24 kwenye kuba, nikaweka alama ya mbali kabisa kwa kuwa nilikuwa napiga mawe na samaki walio mbele yangu kama mita moja na nusu. Picha zote zimetoka na ukungu, hakuna hata moja kali. Sasa kuna mtu ananiuzia Micro ya milimita 60 ya otofokasi, ile ya zamani kidogo ambayo bado ina pete ya apecha, yaani ya tundu la kupitishia mwanga. Hela nimeichanga muda mrefu. Nazamia kwa pumzi tu, sina mtungi, na ninachotaka ni samaki wa kwenye mawe. Ninunue, au nibaki na za mjomba?"*

Marahaba. Pole kwa kuondokewa na mjomba, na hongera kwa kuvitunza vifaa vyake badala ya kuviuza.

Nianze na jibu lenyewe ili usisome huku roho iko juu. Kama hiyo ya 60 ni nzima, inunue, ndiyo itakayokupa samaki wa kwenye mawe. Za mjomba usiziuze. Ile ya 24 haina ubaya wowote, na hizo picha za ukungu nitakuonyesha zimetoka wapi. Sababu yenyewe itakusaidia kuliko ushauri wangu wa kununua, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Wenzako wamesema mambo mawili, na kila moja lina ukweli nusu.

La kioo kwanza. Micro ya 55 ni kali kweli, sitabishana na mtu. Lakini ukiwa ndani ya maji unapiga picha kupitia maji yenyewe, kupitia kioo cha kasha, na kupitia vumbi lote linaloelea katikati. Ziwa Tanganyika siku njema ya kiangazi unaona hadi mita 20, jambo ambalo maziwa machache duniani yanaweza kukupa. Hata hivyo mvua zikinyesha na mto Luiche ukaanza kumwaga tope, nusu mita tu ya maji inatosha kufuta tofauti yote kati ya kioo cha zamani na cha sasa. Kinachookoa picha majini ni kumsogelea samaki. Ukali wa lenzi unakuja nyuma sana.

La pili, kwamba maji yanaidanganya otofokasi, ndilo lililokupoteza zaidi. Otofokasi ya kamera yako haipimi umbali kwa rula. Inachukua mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na uliopita upande wa pili, inalinganisha taswira hizo mbili, kisha inaiendesha mota hadi moja ikae juu ya nyingine. Mwanga ukifika hapo umeshapindwa na maji na kioo, na kamera inafanya kazi na huo huo uliopindwa. Haijui kama iko ziwani au sebuleni. Anayedanganyika ni mtu anayesoma namba za umbali zilizochongwa kwenye lenzi, kwa sababu zilichongwa kwa ajili ya hewa. Na wewe, ndugu yangu, ulizisoma hizo namba.

Tuliangalie kuba sasa, maana hapo ndipo wengi tunapoumia.

Mwanga ukiwa kwenye maji huenda polepole kuliko hewani, kwa uwiano wa takriban 1.33. Ukitoka majini kuingia hewani kupitia kioo bapa, kila kitu kinaonekana kimesogea karibu kwa robo. Samaki aliye mita moja unamwona kama yuko sentimita 75, naye anaonekana mkubwa kwa theluthi. Ndiyo maana ukivaa miwani ya kuzamia unanyoosha mkono kugusa kitu, ukakuta hujakifikia.

Kuba inafanya kazi tofauti kabisa. Kioo kilichopinda, chenye maji nje na hewa ndani, kinageuka kuwa lenzi nyingine mbele ya lenzi yako. Kinachukua dunia yote iliyo mbele na kuisogeza hadi karibu na pua ya kamera. Hata kitu kilicho mbali usikoweza kuona mwisho, taswira yake inakaa umbali wa mara tatu ya nusu kipenyo cha kuba, ukipima kutoka kwenye kioo. Tuseme kuba lako lina nusu kipenyo cha sentimita 10. Mlima ulio chini ya maji, mbali kabisa, kwa lenzi yako uko sentimita 30 mbele ya kioo. Samaki aliye sentimita 30 kutoka kwenye kioo anaonekana kama yuko sentimita 13. Vyote vilivyo kati ya samaki huyo na upeo wa macho vimebanwa ndani ya sentimita 17 tu.

Sasa rudi kwenye picha zako. Uliweka pete kwenye alama ya mbali kabisa, ukaiambia lenzi itazame mbali, wakati ziwa zima lilikuwa limepangwa mbele yake ndani ya sentimita 30. Hakuna kitu hata kimoja kilichokuwa mahali lenzi ilipotazama. Lenzi ilifanya ulichoiambia.

Dawa yake unaweza kuifanya kesho bila kununua chochote. Juu ya D7000 kuna alama ndogo ya duara lililokatwa na mstari, karibu na kioo kidogo cha namba. Hapo ndipo sensa, kile kipande kinachonasa picha, ilipo ndani, na umbali wote wa lenzi hupimwa kuanzia hapo. Funga kamera ndani ya kasha na kuba lake, upime kwa futi ya fundi cherehani kutoka usawa wa alama hiyo hadi kwenye ncha ya kuba. Mara nyingi ni kama sentimita 15. Jumlisha mara mbili ya nusu kipenyo cha kuba, yaani 20 kwa mfano wetu. Unapata 35. Toa kamera kwenye kasha, bandika gazeti ukutani sentimita 35 kutoka kwenye ile alama, zungusha pete hadi maandishi yawe makali, kisha ibane pete kwa utepe wa karatasi wenye gundi isicheze. Weka apecha f/11; namba ikiwa kubwa tundu ni dogo, na ukali unaenea zaidi. Sasa lenzi inatazama kitu ambacho majini kiko kama sentimita 80 mbele ya kuba, na ukali utaenea kuchukua chini kidogo ya nusu ya zile sentimita 17. Mawe yenye samaki, mtumbwi unaopita juu, mwenzako anayezamia, vyote hivyo utavipata.

Kuna sharti moja. Soma kwenye pete ya lenzi namba ndogo kabisa ya umbali. Nyingi za milimita 24 huishia 0.3, yaani sentimita 30, na 35 tunayoitaka iko ndani. Lakini kuba likiwa dogo, la nusu kipenyo cha sentimita 5, hesabu inashuka hadi kama 25 na lenzi haifiki. Hapo unahitaji kioo cha kukaribisha cha kufunga mbele ya lenzi, wanaita dayopta. Na usiihamishie lenzi hiyo kwenye kioo bapa ukidhani umekwepa hesabu. Upana wake utapungua hadi ionekane kama ya 32, na pembe za picha zitavutika na kuchuja rangi.

Kwa hiyo ile ya 24 tumeiokoa. Kwa nini basi nakwambia ununue ya 60?

Kwa sababu ya mikono. Lenzi ya zamani ina pete mbili, ya fokasi na ya apecha, na zote zinataka vidole. Kasha ukishalifunga, vidole vimebaki nje. Makasha mengi yana kitufe kimoja tu cha kuzungusha lenzi, tena kwa kuifungia gia inayolingana na lenzi hiyo hiyo. Ukikitumia kwa fokasi, apecha imebaki pale ulipoiacha nchi kavu. Asubuhi jua likiwa chini unataka f/5.6, saa sita unataka f/11, na kila ukitaka kubadili inabidi urudi ufukweni, ukaushe kasha, ulifungue, ulifunge tena, huku ukiombea chembe ya mchanga isikae kwenye oringi, ule mpira wa kuzuia maji. Ile ya 60, ingawa ina pete, inaendeshwa apecha na kamera yenyewe kwa gurudumu la kidole, na makasha yanalifikia hilo. Fokasi unaipata kwa kubonyeza.

Nikupe tahadhari hapa, maana imenigharimu safari nzima. Lenzi za kundi hilo lazima pete ya apecha iwe kwenye namba ya mwisho, 32, ndipo kamera iitawale. Kuna kidude kidogo cha kuifunga pale. Niliwahi kuogelea hadi kwenye miamba, nikapumua vizuri, nikashuka, nikabonyeza, kamera ikakataa. Kwenye kioo cha namba kimeandikwa FEE, onyo kwamba pete haiko kwenye namba ya mwisho. Pete ilikuwa imeteleza hadi 22 nilipokuwa naingiza kamera kwenye kasha. Tangu siku hiyo napiga picha moja ya majaribio kasha likiwa limeshafungwa, nikiwa bado nimekaa kwenye mtumbwi.

Bahati yako nyingine ni kwamba D7000 ina mota ndani ya mwili wake. Lenzi hiyo ya 60 haina mota, inategemea ya kamera. Mwenye D3000, D5000 au ndugu zake wa familia hizo akiinunua atapata lenzi ya mkono tu, na nimeona watu wakilia kwa hilo.

Halafu kuna suala la samaki mwenyewe. Ukipiga kitu kwa nusu ya ukubwa wake halisi, ukiwa na f/16, sehemu iliyo kali mbele hadi nyuma ni kama milimita 4. Milimita nne ni unene wa biskuti. Wewe unazamia kwa pumzi, mawimbi yanakusukuma mbele na nyuma kwa sentimita nzima nzima, miwani inaweka jicho mbali na kidirisha cha kamera, na kidirisha chenyewe hakina ile duara iliyokatwa katikati iliyokuwa kwenye kamera za zamani kwa ajili ya fokasi ya mkono. D7000 itakuwashia kitone cha kijani ukiwa umelenga sawa, hata kwa lenzi ya mjomba. Nchi kavu kinasaidia sana. Ukiwa umeinamia jiwe na kifua kinadai hewa, kitone hicho hukioni.

Otofokasi nayo usiiabudu. Inataka tofauti ya mwanga na giza ili ipate pa kushika. Tazama yule samaki mweusi anayekula mwani kwenye mawe ya Kigoma, wataalamu wanamwita Tropheus duboisi. Akiwa mtoto ni mweusi mwenye vitone vyeupe mwili mzima, kama anga la usiku. Ukilenga vitone, mota inashika mara moja. Akikua vitone vinapotea, kichwa kinageuka bluu na mwili unabaki mweusi wenye mkanda mmoja mweupe au wa njano. Ukimlenga ubavuni kwenye weusi, lenzi itakwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, hadi samaki aondoke. Peleka kitone cha kulengea kwenye jicho au ukingo wa ule mkanda. Ukiwa mita tano kwenda chini rangi nyekundu imeshafifia sana na mwanga umepoa, hivyo tochi ndogo iliyofungwa juu ya kasha inasaidia lenzi ishike, hata kama flashi ndiyo itakayopiga picha yenyewe.

Hiyo ya 60 ifungie kwenye kioo bapa, si kwenye kuba. Hapa ile theluthi ya ukubwa inayoongezwa na maji ni zawadi.

Mahali ambapo ningechukua ya 55 ya mjomba na kuiacha ya 60 nyumbani pako pia. Kuna wale samaki wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono kwenye mchanga. Dume la Lamprologus callipterus hukusanya makombe kwa mdomo na kuyarundika sehemu moja, majike wanaingia kutaga ndani yake. Samaki hao hawaendi mbali na nyumba zao. Unaweka pete kwenye umbali mmoja, unaibana, unalala chini taratibu na kuusogeza mwili mzima mbele hadi jicho la samaki liwe kali, ndipo unabonyeza. Lenzi haihangaiki, haitoi mlio wa mota, haichelewi. Nimepata picha zangu za kutulia zaidi kwa njia hiyo, na ukiizoea, hata ya 60 utaitumia hivyo hivyo mara kwa mara kwa kuzima otofokasi kwenye kamera kabla ya kufunga kasha.

Usije ukadhani pia kwamba lenzi za mkono hazikuumbiwa maji. Nikonos, kamera ya kuzamia iliyotoka 1963 kwa msingi wa Calypso iliyobuniwa na Jean de Wouters akiwa na Jacques Cousteau, ilikuwa ya kukadiria umbali kwa macho tu. Lakini lenzi yake ya milimita 15 iligusa maji moja kwa moja na ilichongwa kwa ajili ya maji. Nikon ilipoleta kamera ya kuzamia yenye otofokasi, Nikonos RS, ilikuwa 1992. Watu walifanya kazi kubwa kwa miaka karibu thelathini bila hiyo. Ya mjomba ni lenzi ya nchi kavu iliyoingizwa kwenye kasha, na hiyo ndiyo tofauti.

Kabla hujatoa hela, ishike hiyo ya 60 mkononi. Kigoma ni mwisho wa reli, kitu kikishatumwa kutoka Dar kukirudisha ni shughuli, kwa hiyo kama muuzaji yuko mbali mwombe atume video, siyo picha. Mulika tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Usijaribu kuifungua mwenyewe kwa bisibisi, mpelekee fundi wa kamera aiangalie kwanza. Zimulike na za mjomba hivyo hivyo, maana unyevu wa kando ya ziwa hauchagui. Kisha funga ya 60 kwenye kamera yako, usikie mota ikienda hadi mwisho na kurudi bila kukwama.

Kasha la mtumba lizamishe kwanza tupu, bila kamera, likiwa na karatasi laini ndani, kina kile kile utakachopigia picha, kwa nusu saa. Karatasi ikitoka na doa hata dogo, usibahatishe kwa kupaka grisi nyingi. Badili oringi, na kama bado linavuja, tafuta fundi anayeyajua makasha hayo alikague mihimili ya vitufe.

Na wewe mwenyewe. Ukizamia kwa pumzi usiwe peke yako hata siku moja, na usipumue haraka haraka kwa nguvu kabla ya kushuka ili ukae zaidi, mtu huzimika bila dalili. Mpiga picha yuko hatarini kuliko wengine kwa sababu samaki anamsahaulisha pumzi. Siku ukianza kutumia mtungi, tafuta mwalimu wa ana kwa ana anayejua kuzamia kwenye maziwa ya nyanda za juu. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya baharini, yale ya kina na muda wa kukaa chini, hayatumiki vile vile hapa. Waulize wavuvi wa Katonga kuhusu mamba kabla ya kuingia sehemu mpya. Kichocho nacho kipo kwenye fukwe zenye watu, kwa hiyo nenda hospitali upimwe mara kwa mara hata kama hujisikii vibaya. Dawa yake ipo na wanaijua.

Ukipata nafasi, laza kuba lako kifudifudi mezani, upime upana wake wa chini na urefu kutoka mezani hadi nchani. Makuba mengi si nusu duara kamili, na upana peke yake hudanganya. Nitumie namba hizo mbili pamoja na ile ya kutoka kwenye alama ya sensa hadi ncha ya kuba, nikupigie hesabu ya ile 24 kabla hujaibana pete.